Mholanzi wa Kilo 21: Baiskeli Niliyoinunua Baada ya Kustaafu

Kilo 21 na nusu. Niliipima kwenye mizani ya magunia pale soko la Mbuyuni, muuza mahindi kashika usukani, mimi nimeshika siti, na watu wametuzunguka wanacheka. Naanza na uzito kwa sababu aliyeniuzia hakuutaja, na ndio utakaokutana nao siku ya kwanza ukitaka kuipandisha kwenye ngazi za baraza lako.

Mimi ni muuguzi mstaafu, nakaa Soweto hapa Moshi. Niliajiriwa mwaka 1990, nikastaafu Oktoba 2024 nilipotimiza miaka 60. Januari 2025 nikanunua baiskeli ya mtumba ya Kiholanzi, ya kike, rangi ya kijani iliyopauka, jina la kiwanda limeshabanduka kwenye fremu. Nimeiendesha mwaka mzima sasa. Wenzangu watatu wanaostaafu mwaka huu wameniuliza habari zake, na kila mmoja nilimweleza kwenye simu mpaka sikio likawa la moto. Safari hii naandika.

Swali lao la kwanza huwa si la baiskeli. Ni la hela, basi tulimalize. Sisi tuliokuwa PSPF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, kabla mifuko haijaunganishwa kuwa PSSSF mwaka 2018, kikokotoo cha sasa kinakwenda hivi: miezi uliyochangia unaigawa kwa 580, jibu unalizidisha kwa wastani wa mshahara wako wa mwaka. Hiyo ndiyo pensheni yako nzima ya mwaka. Asilimia 40 yake unaizidisha kwa 12.5 na kupewa kwa mkupuo. Asilimia 60 iliyobaki unaigawa kwa 12, ndiyo ya kila mwezi. Mimi nilikuwa na miezi 408 na wastani wa shilingi 1,160,000 kwa mwezi, nikapata mkupuo wa 48,960,000 na pensheni ya 489,600. Dada mmoja wa wodi yetu alitangulia kustaafu mwaka mmoja kabla yangu, akapigiwa kwa asilimia 33, kwa sababu 40 imekuja na bajeti ya 2024/25. Tulikuwa tunakunywa chai pamoja miaka yote, na hadi leo akinitania namwachia tu.

Hela hiyo ilipoingia, simu yangu ilikuwa kama ya mganga. Kaka yangu wa Kibosho alitaka ninunue Noah iingie barabarani, atafute dereva yeye. Shemeji alikuja na ramani ya fremu tatu za maduka, imechorwa kwa kalamu ya risasi nyuma ya kadi ya mchango wa harusi. Sikuwadharau. Lakini nimefanya kazi wodi ya majeruhi, magari ya biashara nimeyaona yakifika kwa upande ule mwingine, na fremu tatu bila wapangaji ni mahali pa kukaushia mahindi. Nikaweka milioni 30 UTT, taasisi ya serikali inayowekeza hela za watu kwa pamoja, kwenye mfuko wa hatifungani, ule ambao ukianza na milioni 10 unaweza kuchukua gawio kila mwezi, na ukiwa na milioni 5 unachukua kila baada ya miezi sita. Unaingiza laki mbili na ushee kwa mwezi kwangu. Bei ya kipande, yaani sehemu yako ya mfuko, inaweza kushuka, hilo nililisoma kabla sijasaini, na ndiyo maana sikuweka zote. Milioni 5 ziko benki zisiguswe. Nyingine zikaenda kwenye paa, choo cha ndani, ada ya mjukuu, na deni moja la zamani ambalo halihusu mtu.

Ukijumlisha, nina kama laki saba na nusu kwa mwezi. Matibabu niko NHIF kama mstaafu, sichangii tena. Hela hiyo inatosha kwa mtu mwenye nyumba, shamba dogo la mboga na akili timamu. Haitoshi kwa mtu mwenye gari. Nilikaa na daftari nikapiga bima, sevisi, matairi, mafuta, na "mama naomba unipeleke mara moja" za ndugu. Nikafunga daftari.

Ndipo nikaenda kumtafuta Mholanzi.

Muuzaji ana uwanja wake karibu na stendi, baiskeli zimelaliana kama mbuzi wa mnadani. Akaniambia laki nne na ishirini, "gia saba hiyo, mama." Nilihesabu kwenye kishikio: moja, mbili, tatu. Nikamwonyesha. Akasema, "Tatu za Ulaya ni kama saba za hapa." Kwa jibu hilo nilimpenda, lakini nikampa laki tatu na ishirini.

Sasa tuingie kwenye baiskeli yenyewe.

Fremu yake imeinama katikati, hakuna bomba la juu. Kwa mwanamke hili ndilo la kwanza. Napanda na kitenge, napanda na gauni la kwaya, sinyanyui mguu kama mtu anayeruka uzio wa jirani. Usukani umerudi nyuma kukufuata, kwa hiyo unakaa umenyooka kama uko kanisani, mgongo haulalamiki. Cheni imefunikwa yote, mwanzo hadi mwisho, ndani ya kava. Nimetembea nayo masika yote, tope la huku Njoro mnalijua, na sketi zangu hazina hata tone la grisi. Kava hilo lina upande wake wa pili: cheni ikilegea, fundi anafungua nusu saa kabla hajaigusa.

Gia zipo ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, Shimano ya gia tatu. Hakuna vidude vinavyoning'inia nje vya kukunjwa na mawe. Unabadilisha hata ukiwa umesimama, jambo ambalo kwa mtu wa umri wangu anayeshtuliwa na bodaboda kwenye makutano ni neema. Ila gia ya kwanza si nyepesi kiasi cha kutosha mji huu. Uholanzi ni tambarare, wenyewe wana baiskeli nyingi kuliko watu, hawakuwa wanaiwazia Kilimanjaro. Moshi yote imeinama kutoka mlimani kushuka kusini. Kwenda kusini ni raha tupu. Kupanda kutoka mjini kuelekea hospitali ya KCMC nashuka na kuikokota mahali pawili, bila aibu, nikisalimia watu. Ukikaa Uru au Kibosho na unatarajia kurudi nyumbani ukiwa juu ya siti, nakushauri usinunue hii. Tafuta ya milimani yenye gia nyingi, au kaa na boda wako.

Breki ya nyuma iko kwenye pedali. Unazirudisha nyuma, inashika. Sisi tuliojifunzia Phoenix tumezoea kurudisha pedali nyuma bure tunapojipanga kuondoka kwenye kona. Kwa Mholanzi ukifanya hivyo anasimama hapo hapo. Wiki ya kwanza nilisimama ghafla mbele ya lango la kanisa, kwaya nzima inatoka, nikaangukia kwenye ua wa michongoma. Nilipona, ila kitenge hakikupona. Baada ya wiki mbili mguu unajifunza, na mvua ikinyesha utaishukuru, maana breki imo ndani ya kitovu, haipati maji. Ya mbele ni ya kawaida, ya mipira, nayo niliifungisha upya yote.

Taa inatumia dinamo iliyo ndani ya gurudumu la mbele. Haikwaruzi tairi wala haipigi kelele, na betri huhitaji. Inawaka unapotembea, ukisimama inazima. Maana yake ni kwamba pale mnara wa saa, saa moja jioni, ukisubiri kuvuka, wewe ni kivuli. Nimejinunulia koti la kung'aa kama la trafiki. Mjukuu wangu ananiita afande.

Kufuli la duara lilikuwepo kwenye gurudumu la nyuma, lakini limekatwa na msumeno. Ukiwaza kidogo utapata maswali kuhusu mwenye baiskeli wa kwanza. Mimi sikuwaza, nikanunua kufuli jingine.

Na sasa tairi, sehemu ambayo ningependa isomwe na kila mtu, kwa sababu imenigharimu na haielezwi na muuzaji yeyote. Tairi la nyuma lilianza kupasuka ubavuni mwezi Mei. Limeandikwa 28. Nikaenda dukani nikaomba tairi la 28, nikapewa, shilingi 28,000, nikafurahi hata bei inalingana na namba. Fundi akalivalisha. Halikai. Linacheza kwenye rimu kama kofia ya baba kwenye kichwa cha mtoto. Tukavua, tukavalisha, tukapaka sabuni, wapi. Mchana mzima.

Kumbe 28 ziko zaidi ya moja. Tazama ubavuni mwa tairi, kuna namba nyingine ndogo yenye tarakimu mbili, kistari, halafu tarakimu tatu. Hizo tatu ndizo kipenyo cha rimu kwa milimita. Tairi la 28 la Phoenix na ndugu zake lina 635. Langu lina 622. Milimita 13 tu, na hazina suluhu. Aliyenifumbua macho ni kijana mmoja anayetengeneza baiskeli za watalii wanaokuja kuzungukia mlima. Alipoiona akasema, "Shikamoo mama, usiombe 28, omba 700." Matairi yanayoandikwa 700 yana rimu hiyo hiyo ya 622, na unayapata kwa wanaohudumia baiskeli za mbio na za safari. Nikachukua mawili ya upana wa 38, elfu 35 kila moja, yakaingia kama yamezaliwa pale. Lile la 28,000 dukani walikataa kulipokea. Mzee mwenye Phoenix anayeuza majani ya ng'ombe akalichukua kwa elfu 20. Kwa hiyo kabla hujalipa hela ya mtumba wowote wa Ulaya au Japani, chuchumaa, futa vumbi ubavuni mwa tairi, soma tarakimu tatu za mwisho. Za Kijapani zenye kikapu, ambazo nazo zipo nyingi, zina 590 mara nyingi, nazo si sawa na 26 ya baiskeli za milimani, yenye 559. Fundi atakwambia 26 ni 26. Msikilize, halafu usimwamini.

Bahati nzuri ni tyubu. Valvu yake ni ile ile ya Phoenix, kila pampu ya mtaani inaingia, kijana yeyote chini ya mwembe anakujazia.

Daftari langu la mwaka linasema hivi: baiskeli 320,000. Fundi wa mwanzo, grisi, kebo na mipira ya breki, 45,000. Hasara ya tairi lisiloingia, 8,000. Matairi mawili sahihi, 70,000. Tyubu mbili 12,000. Kufuli 15,000. Kofia ngumu 40,000. Jumla 510,000. Zamani boda na daladala zilikuwa zinanila kama elfu 70 kwa mwezi, sasa ni elfu 20, za siku za mvua na za kwenda Kibosho. Mwezi wa kumi na moja ilikuwa imeshajilipa yenyewe. Milioni 30 zangu haziendi kwa kasi hiyo, ingawa si haki kulinganisha, kwa sababu UTT hawanipakii mnafu.

Asubuhi yangu Jumatatu, Jumatano na Ijumaa ni hii. Saa kumi na mbili na nusu natoka Soweto, mlima bado haujavaa mawingu, Kibo upande mmoja, Mawenzi upande mwingine yenye meno. Nateremka mpaka Njoro, naingia njia ya msitu wa Rau. Ukiwahi utakuta mbega juu ya miti, mikia yao myeupe inaning'inia, na baridi ya pale hata Januari inakufanya ufunge kanga kifuani. Nasimama kwenye mashamba ya mpunga dakika tano, sifanyi chochote. Miaka 34 saa hizo nilikuwa nakabidhiana zamu, nahesabu dripu na kutafuta faili la mtu. Kurudi napitia Mbuyuni, kikapu kinajaa mnafu, ndizi za mtori na nyanya, saa mbili niko nyumbani. Mara moja kwa mwezi nateremka na barabara ya kwenda kiwanda cha sukari cha TPC, huko kwenye miwa, ni tambarare hadi unachoka kwa umbali na si kwa mlima. Kurudi ni kupanda kidogo kidogo na upepo usoni. Kuna siku nimerudi juu ya pikapu ya mkaa, mimi na Mholanzi wangu, na sioni sababu ya kuificha.

Mtaani walisema nimefilisika. Hilo tulitarajie. Wiki ya pili tu jirani alikuja na sahani ya kiburu, akakaa, akazunguka, mwishowe akauliza kwa upole, "Mama, hela zilitoka lakini?" Nikamwambia zilitoka. Akasema, "Basi pole." Mwingine alisema mama wa umri huu kupanda baiskeli ni kuwavunjia heshima watoto. Wanangu wawili wako Dar, walionipigia kunikataza ndio hao hao ambao walitaka kuniwekea mafuta ya gari "kila tukipata nafasi". Nafasi hiyo ya mafuta naijua.

Kuhusu afya nitasema kama muuguzi, si kama muuzaji. Januari mwaka jana presha yangu ilikuwa 148/92. Leo asubuhi nimepima 132/84, nimekaa dakika tano, mkono umeegemea meza. Nakunywa amlodipine ya miligramu 5 kama mwanzo. Nimepunguza pia chumvi, na nalala usiku, kitu ambacho zamu hazikuniruhusu, kwa hiyo sijui kila kimoja kimechangia kiasi gani. Usimeze maneno yangu halafu uache dawa zako. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na siku zangu tatu zinanifikisha hapo bila kuhesabu sokoni. Goti langu la kulia, ambalo kushuka ngazi linanung'unika, kwenye pedali limenyamaza, mradi siti iwe juu kiasi kwamba mguu unakaribia kunyooka pedali ikiwa chini. Wengi mtaani wanaendesha siti iko chini, magoti yanapiga kidevu, halafu wanasema baiskeli inaumiza magoti. Ila mifupa haiimarishwi na baiskeli, kwa sababu siti ndiyo imekubeba. Kwa hiyo Jumanne na Alhamisi natembea kwa miguu na kulima matuta yangu. Ukiwa na kizunguzungu, au umewahi kuanguka bila sababu, hii si yako. Kuna za magurudumu matatu.

Na barabara ni barabara. Hatuna njia yetu. Bodaboda anakupita kulia na kushoto kwa pamoja. Giza likiingia niko ndani, isipokuwa siku za mazoezi ya kwaya. Hizo narudi na koti langu la afande.

Kama una laki tatu na nusu hivi, unakaa upande wa chini wa mji, Soweto, Pasua, Njoro au Majengo, na huna haraka, inunue. Kagua kwanza gia zote tatu zinaingia, zungusha gurudumu uone kama rimu inayumba, soma zile tarakimu tatu, na bei ikianzia laki nne usiogope kugeuka kama unaondoka. Kariya ya nyuma inabeba ndoo ya lita 20 ikiwa na maji, nimejaribu, lakini na mjukuu wa miaka saba pia, na huyo ni mzito zaidi kwa sababu hatulii.

Kaka wa Kibosho alikuja Jumamosi iliyopita, akaizunguka mara mbili, akaminya tairi kwa kidole, akauliza kama kwa uwanja ule karibu na stendi kumebaki za kiume. Nimemwambia twende wote Jumatatu, na aje na hela taslimu.